UKIONA UNAPANDA BILA KUHANGAIKA, TAZAMA JUU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu yangu, dada yangu, leo nipe robo saa yako. Nitakupeleka mbali kidogo, mpaka Australia, na nitakuzungumzia mchezo ambao pengine hujawahi kuuona kwa macho. Vumilia, utaona kwa nini.

Wiki mbili zilizopita aliniandikia mama mmoja wa Eldoret. Ana kijana wa miaka 24, fundi wa umeme, mwenye adabu, anaswali, anamsaidia mama yake kodi ya nyumba. Kijana huyu amejiunga na wale watu wanaoruka na mabawa ya kitambaa kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, upande wa Iten. Ameshajifunza, ameshanunua bawa la mtumba, na sasa anataka kuingia mashindano. Mama ananiuliza: "Ustadh, nimnyime radhi? Huku si kujitia kwenye maangamizi kwa mikono yake mwenyewe?"

Sikumjibu siku ile. Nakiri kwamba jibu la haraka lilikuwa tayari mdomoni: mnyime. Lakini nikajiambia, hukumu juu ya kitu usichokijua ni dhulma. Nikakaa nikasoma, nikatazama picha zao, nikamsumbua kwa maswali ndugu mmoja anayeujua mchezo huo. Jibu nililoishia nalo silo nililoanza nalo.

Mchezo wenyewe unaitwa paraglaidingi. Usiuchanganye na wale wanaojirusha kutoka kwenye ndege kisha wakafungua parachuti wafike chini salama. Huyu hajirushi kutoka popote. Anatandaza bawa lake mlimani, anajifunga kwenye kiti kinachoning'inia kwa kamba nyembamba, anakimbia hatua chache kuelekea bondeni, na bawa linamnyanyua. Injini hana. Kuanzia hapo anateremka tu, polepole, isipokuwa apate hewa inayopanda.

Hewa hiyo ndiyo riziki yake. Jua linachoma shamba lililolimwa, linachoma mwamba, linachoma mabati ya paa. Hewa iliyo juu yake inapata moto, inakuwa nyepesi, inang'oka na kupanda kama nguzo ya moshi usioonekana. Tai na tumbusi wanaijua. Umewahi kuwaona wakizunguka juu, juu zaidi, bila kupiga mbawa hata mara moja, ukasema Subhanallah? Basi rubani naye hufanya vivyo hivyo. Anazunguka ndani ya nguzo ile, na kifaa kidogo alichokifunga karibu naye kinalia pii, pii, pii kila anapopanda. Akifika juu anaiacha, anateleza kwenda kutafuta nguzo nyingine. Kwa kila mita 1,000 za urefu, bawa zuri la mashindano linaweza kumfikisha kilomita 8 au 10 ikiwa upepo haumpingi. Akiikosa nguzo ya pili, anatua kwenye shamba la mtu, anakunja bawa lake, anabeba begi, anatafuta lifti barabarani.

Siku ya mashindano huanza asubuhi kwa kukaa. Ndiyo, kukaa. Marubani wanapanda mlimani na mabegi mazito, kisha wanangoja huku waandaaji wakitazama upepo na mawingu. Hali ikifaa, inaandikwa ubaoni kazi ya siku: anzia hapa, gusa kituo hiki, kile, na kile cha tatu, maliza pale. Vituo hivyo havina bendera wala mwamuzi. Ni miduara tu kwenye ramani ya kifaa cha GPS, na kifaa hicho hicho ndicho shahidi wa nani alifika na nani hakufika. Safari inaweza kuwa kilomita 60, inaweza kuvuka 100. Wanaruka mmoja mmoja, kisha wanakusanyika angani wakingoja saa ya kuanza, makumi kwa makumi ndani ya nguzo moja ya hewa, bawa karibu na bawa, wote wakizunguka upande mmoja ili wasigongane. Saa ikifika, wanaondoka. Baada ya hapo ni saa tatu, nne, wakati mwingine tano za mtu kukaa peke yake na akili yake.

(Mama aliniuliza pia kuhusu Adhuhuri na Alasiri, kwa sababu saa zao za kuruka ndizo saa hizo hizo. Swali zuri sana. Nitalitengea siku yake, tusilichanganye hapa.)

Sasa zingatia jambo moja. Katika saa zote hizo, rubani anaomba kitu kimoja tu: kupanda. Macho yake yanatafuta kupanda, masikio yake yanasikiliza kupanda, na kile kifaa kikinyamaza moyo unashuka. Kupanda kwake ni ushindi, kushuka ni aibu. Likumbuke hilo, kwa maana ndilo lililonifanya niandike.

Tarehe 14 Februari 2007, mji mdogo wa Manilla, jimbo la New South Wales, Australia. Marubani wa nchi nyingi walikuwa wamekusanyika kwa ajili ya mashindano ya dunia yaliyokaribia kuanza. Siku ile walikuwa katika mazoezi, ingawa mazoezi ya watu wa daraja lile ni mashindano tosha. Kati yao alikuwepo Ewa Wiśnierska wa timu ya Ujerumani, mmoja wa wanawake bora kabisa duniani katika mchezo huu. Alikuwepo pia He Zhongpin kutoka China, mwanamume wa miaka 42.

Mawingu ya radi yalikuwa yanajijenga. Ewa aliyaona. Nalirudia: aliyaona. Hakuwa kipofu wala mjinga wala mwanagenzi. Alipiga hesabu kwamba ataweza kupita, na kwa mtu wa uzoefu wake hesabu ile haikuwa ya kichaa. Lakini mawingu mawili yakaungana, naye akajikuta katikati.

Wingu la radi, ndugu yangu, halikai pale juu likingoja kumwaga mvua. Linanyonya. Linavuta hewa ya chini kwa nguvu ambayo bawa la kitambaa haliwezi kushindana nayo. Mwanamke yule alipandishwa kutoka kiasi cha mita 760 hadi mita 9,946. Kilimanjaro ni mita 5,895. Everest yenyewe haifiki 8,900. Alivipita vyote viwili akiwa amekaa kwenye kiti cha kitambaa, bila oksijeni, gizani, akipigwa na mvua ya mawe, katika baridi ya makumi ya nyuzi chini ya sifuri. Akapoteza fahamu kwa zaidi ya nusu saa. Alipozinduka bado alikuwa hewani, barafu imemganda mwilini. Alitua kilomita kama 60 kutoka mahali alipoanzia, baridi imemuuma masikio na miguu, lakini hai. Urefu ule tunaujua kwa sababu kifaa chake kiliendelea kurekodi wakati mwenyewe hajui yuko duniani au wapi.

He Zhongpin alivutwa na dhoruba ya siku ile ile. Yeye walimkuta amekufa.

Mashindano yenyewe yalifanyika baadaye, na Mwingereza Bruce Goldsmith akawa bingwa wa dunia. Nje ya watu wa mchezo huo, jina la bingwa hulisikii. Siku ya wingu bado inasimuliwa.

Mimi kisa hiki nilipokisoma mara ya kwanza kilinitisha kwa sababu ya baridi na urefu. Mara ya pili kilinitisha kwa sababu nyingine. Nilimuuliza yule ndugu: rubani anapoingia chini ya wingu kama lile, anajisikiaje? Nilidhani ataniambia mtikisiko na hofu. Akaniambia: "Mara nyingi mwanzoni ni raha, Ustadh. Hewa ni pana, laini, inakubeba. Huna haja hata ya kuzunguka. Unakwenda mbele na bado unapanda. Siku nzima umeomba hivyo."

Hapo niliweka simu chini.

Wanavyuoni wetu wana neno lake: istidraji. Mja anavutwa hatua kwa hatua kwa kupewa, si kwa kunyimwa. Anaongezewa, anafunguliwa, kila mlango unakubali, naye anahesabu kuwa ni dalili kwamba yuko sawa. Tumelizoea neno hili kwenye darsa, tunaliandika daftarini. Lakini kama unataka kuliona kwa macho, mtazame rubani chini ya wingu la radi: kifaa kinalia pii pii pii kwa furaha, ardhi inakuwa ndogo, washindani wako chini yake, na kila mita anayopanda inamfungia mlango wa kurudi.

Kitu kibaya kingekuja na sura mbaya, wangapi wangekifuata?

Najua kuna atakayesema: Ustadh, siku yake ilikuwa imefika, na siku ya kufa haina kinga. Naam. Mimi sikatai kadari, na nani atakataa? Lakini tazama vizuri watu wale wawili. Yule aliyepona hakupona kwa ustadi wake, alikuwa amezimia. Bawa lilijirukia lenyewe. Kwa hiyo usimfanye yeye shujaa na yule marehemu mzembe; hesabu yao inakaribiana mno, na matokeo yao hayakuwa mikononi mwao. Ndani ya wingu hakuna uamuzi tena. Anayejuta, anayeomba, anayejua na asiyejua, wote wanabebwa sawasawa. Uamuzi wa mwanadamu ulikuwa wapi? Ulikuwa nusu saa nyuma, kwenye jua, hewa imetulia, wakati kutua kulikuwa jambo jepesi na la aibu kidogo tu. Pale ndipo ulipo wajibu wetu. Kadari usiifanye pazia la kufunika dakika ile.

Na kwa kuwa tumezungumzia kuruka, niseme na hili, maana najua kwenye maoni kuna atakayemtaja Abbas ibn Firnas. Tunapenda sana kumtaja. Muislamu wa Qurtuba, Andalusia, aliyejivika manyoya na mabawa akaruka zaidi ya miaka 1,000 kabla ya ndege ya akina Wright mwaka 1903. Tunajivuna naye, na inafaa. Hata shimo moja kwenye mwezi limepewa jina lake. Ila habari yake, kama alivyoipokea na kuiandika al-Maqqari karne nyingi baadaye, ina nusu ya pili ambayo hatuisomi kwenye mimbari: alipotua aliumia mgongo, kwa sababu alisahau kwamba ndege hutua kwa msaada wa mkia, naye mkia hakujitengenezea. Alifikiria sana kupanda, kushuka akakusahau. Mzee yule alikuwa na akili kuliko mimi na wewe, na bado kushuka kulimpita. Nusu hii mimi naiona ina faida kubwa kuliko ile ya kujivunia.

Sasa nije kwenye kilichonibadilisha rai.

Nilikuwa naamini watu wa mchezo huu ni watu waliochoka kuishi. Kumbe wamekaa wakaitunga sheria kwa ajili ya ile dakika ya kutua, na wameitunga kwa watu wao waliokufa. Kuingia ndani ya wingu ni marufuku, na anayeingia anaweza kunyang'anywa alama za siku nzima hata kama alifika wa kwanza. Rubani akiona hewa imeharibika, anasema kwenye redio, na sauti za namna hiyo zikiwa nyingi mkuu wa mashindano anasimamisha siku. Ikisimamishwa, hesabu ya alama inarudishwa nyuma dakika kadhaa kabla ya amri. Unaielewa hekima yake? Aliyeng'ang'ania kwenye hatari dakika zile za mwisho hapati kitu, na aliyegeuka mapema hapotezi sana. Na rubani akimwona mwenzake ameanguka, anatakiwa kuacha mbio akamsaidie. Atakayefanya hivyo waandaaji wanamfidia alama zake, asije akapata hasara kwa kuwa mtu.

Mwaka 2011, Piedrahíta nchini Hispania, mashindano ya dunia yaliua marubani wawili katika siku za mwanzo tu. Waandaaji wakayafunga. Watu walikuwa wamesafiri kutoka mabara mengine, wamelipa, wamevaa bendera za nchi zao. Yakafungwa, na yale mabawa ya kasi zaidi ya daraja la mashindano yakasimamishwa. Yalifungwa baada ya watu kufa, sikatai, na hilo ni la kulaumiwa. Lakini wangapi kwetu hufunga hata baada ya hapo? Basi linaua watu usiku, wiki ijayo liko barabarani na dereva yule yule akiambiwa awahi.

Hawa watu, ambao wengi wao hawaswali kibla chetu, wamefahamu kwamba mwanadamu akiwekewa aibu kwenye kurudi, atasonga mbele mpaka afe. Kwa hiyo wakaipunguza aibu kwa kalamu, kwenye sheria. Sisi tumeiongeza. Nahodha akirudi bandarini kwa sababu hakuipenda rangi ya mbingu, abiria wanamtukana. Kijana akiacha biashara ya mkopo iliyokuwa inampandisha haraka kuliko akili yake, mtaa mzima unamcheka kwamba amefilisika. Binti akivunja uchumba wiki moja kabla ya nikahi kwa kuwa ameona jambo, tunamwambia ametuaibisha na kadi zimeshagawiwa. Kisha mambo yakiharibika tunasema kadari, tunasoma dua, tunakula pilau ya matanga.

Basi mama yangu wa Eldoret, jibu lako nililikutumia, na kwa idhini yako naliweka hapa bila jina.

Sikukwambia mchezo huu ni salama. Si salama, na atakayekwambia ni salama anauza mabawa. Sikukwambia pia umnyime radhi, kwa sababu kijana wa miaka 24 ukimnyima radhi kwenye jambo kama hili ataruka bila kukwambia, na hapo utakuwa umempunguzia mtu mmoja wa kumrudia. Nilikwambia uache kumuuliza kama haogopi. Kila mama anauliza hilo, na kila kijana anajibu haogopi, na jibu lake halina faida yoyote. Muulize hivi: mwanangu, mara ya mwisho ulipopanda na bawa lako mpaka mlimani, ukatazama mbingu, ukashuka nalo mgongoni bila kuruka, ilikuwa lini?

Kama anayo siku hiyo, na anaweza kukutajia na nani alikuwa naye, wewe una mtoto anayejifunza. Muombee. Muulize pia kama parachuti yake ya akiba imekaguliwa na kufungwa upya na mtu anayejua, na ni nani huyo. Kama hana siku hiyo hata moja, basi mashindano hayamfai mwaka huu, na umwambie wazi kwamba mimi ndiye niliyesema, lawama anipe mimi.

Na wewe mwenyewe, mama, kuna sehemu yako. Siku atakayorudi nyumbani saa saba mchana, hajaruka, amechoka, amepoteza nauli, wenzake wamepaa na video zao ziko kwenye simu, usimuulize "kulikoni?" kwa ile sauti. Unaijua sauti ninayoisema. Mpe chakula. Mwambie karibu. Ikiwa kurudi mikono mitupu kwako ni rahisi, kule juu atakuwa na jambo moja pungufu la kumsukuma mbele.

Jana usiku baada ya Isha mama alinirudishia ujumbe. Amemuuliza. Anasema kijana alicheka kwanza, akasema "Mama, nani amekufundisha maswali haya?" Kisha akanyamaza muda mrefu, akainuka, akaenda kukaa nje barazani. Mpaka mama anaandika, alikuwa bado hajajibu. Nimemwambia asimharakishe.

Wabillahi taufiq.